Kurudia Mtihani ili Uingie Chuo cha Ng'ambo: Gharama Halisi Iko Wapi

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam, katikati ya matangazo ya madalali wa vyumba na waganga wa mapenzi, hukosi karatasi iliyoandikwa "QT na Risiti", yaani mtihani wa maarifa na kurudia mtihani. Biashara yenyewe inafahamika. Aliyeteleza kidato cha nne au cha sita analipa tuisheni, anajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Novemba au Mei anarudi kwenye chumba cha mtihani. Kwa anayelenga chuo cha hapa nyumbani hesabu ni nyepesi: TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ukizikosa mwaka huu unazitafuta mwaka ujao.

Anayelenga vyuo vinavyochuja vikali vya Uingereza au Marekani ana hesabu nyingine kabisa. Huko hawatazami tu umepata nini. Wanatazama umepata lini, na kwa mara ya ngapi. Na wazazi wengi huanza na swali la mwisho, yaani ada ya kurisiti ni kiasi gani, ambalo ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Ada ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, kwa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita imekuwa shilingi 50,000 kwa miaka kadhaa, na 65,000 kwa anayechelewa. Hiyo haimfilisi mtu. Kinachogharimu ni mwaka mzima unaopita, na mwaka huo kuna chuo kitakachoupokea kwa thamani kamili, kingine kitaupunguza bei, na kingine hakitaupokea kabisa.

Tuanze na Uingereza, kwa sababu ndiko kurudia mtihani kunakoweza kulipa.

Maombi ya shahada ya kwanza huko hupitia UCAS. Fomu ni moja, ada yake haifiki pauni 30, na unachagua kozi tano, isipokuwa udaktari, ambako nafasi ni nne. Oxford na Cambridge, pamoja na kozi za udaktari, meno na mifugo, hufunga dirisha tarehe 15 Oktoba. Nyingine nyingi hufunga Januari. Ofa hutolewa kwa masharti: lete AAA, au A*AA, na kiti ni chako. Mfumo unaojengwa juu ya alama za mtihani wa mwisho una nafasi ya asili kwa mtu anayesema, "Nitaleta alama hizo, ila mwaka ujao." Ndiyo maana vyuo vingi vya Uingereza, hata vyenye majina makubwa, hupokea alama za marudio kwa kozi nyingi: uhandisi, historia, sheria, hesabu.

Lakini kuna kupokea na kupokea. Kozi moja itasema alama za marudio ni sawa na za kwanza. Jirani yake katika chuo hichohicho itataka anayerudia alete daraja moja zaidi. Nyingine itaandika kwamba inawapendelea waliofaulu mara ya kwanza, maneno ya upole yanayomaanisha kwamba foleni ikiwa ndefu utakaa nyuma. Nyingine inataka sababu: maradhi, msiba, shule iliyokosa mwalimu wa fizikia kwa mihula miwili. Sababu ya namna hiyo inahitaji karatasi iliyoandikwa wakati ule jambo lilipotokea. Barua ya daktari iliyoandikwa Agosti kuhusu malaria ya Mei haina nguvu ya ile iliyopelekwa shuleni Mei hiyohiyo. Mwenye mtoto anayeugua wakati wa mtihani aipate barua siku hizohizo, hata kabla hajajua kama ataihitaji.

Udaktari ni habari tofauti. Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza hukataa marudio moja kwa moja, au huweka sakafu: mara ya kwanza uwe umepata angalau alama fulani, la sivyo ya pili haisomwi. Juu ya hapo kuna UCAT, mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri ambao unaruhusiwa mara moja tu kwa msimu, na matokeo yake hufa msimu ukiisha. Kwa anayeufanyia nje ya Uingereza, ada ya 2025 ilikuwa pauni 115. Kwa hiyo anayerudia kemia kwa ajili ya udaktari hulipia kemia, halafu hulipia UCAT upya, halafu hugombea viti vichache sana vilivyotengewa wageni. Ni mchezo ninaoweza kumshauri mtu mmoja kati ya wengi, yule ambaye kozi imemjibu kwa maandishi kwamba itamsoma.

Hesabu ya kulipia upya haiishii kwa madaktari. Mitihani ya kuingilia kama ESAT na TMUA, inayotumiwa na Cambridge na Imperial miongoni mwa vyuo vingine, nayo ni ya msimu mmoja, na nje ya Uingereza huzidi pauni 100. IELTS, mtihani wa Kiingereza, huishi miaka miwili tu. Aliyeifanya mapema kidato cha tano anaweza kujikuta cheti kimeisha muda katikati ya mwaka wake wa kurudia.

Sasa kuna jambo ambalo matangazo ya nguzoni hayalisemi: si kila baraza la mtihani hukuuzia marudio ya aina moja.

Wa NECTA ana dirisha moja kwa mwaka. Kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na basi. Anayerudia Mei ijayo huomba UCAS kabla hajafanya mtihani, kwa hiyo anahitaji makadirio ya alama na barua ya mwalimu. Na hapa mtahiniwa wa kujitegemea huumia, maana kituo cha tuisheni hakina mamlaka wala sifa ya kumkadiria. Kama shule yake ya zamani haitakubali kumwandikia, fomu yake inakuwa dhaifu hata akiwa na akili nyingi kiasi gani. Kisha kuna ile herufi. Namba ya mtihani ya aliye shuleni huanza na S, ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Ofisa wa udahili aliyezoea vyeti vya Tanzania huiona haraka.

Wa Cambridge International ana madirisha mawili, Juni na Novemba, na la Novemba ni zuri mno kwa mwombaji: matokeo hutoka Januari, katika msimu uleule wa UCAS, kwa hiyo chuo huamua kwa alama halisi badala ya makadirio. Ila kuna mtego wa bei. Alama za AS, nusu ya kwanza ya A Level, hubebwa kwenda mbele kwa miezi 13 tu. Aliyefanya AS Juni mwaka mmoja na kumalizia Juni uliofuata, ikifika Novemba amekwisha pita muda huo. Atarudia na kulipia karatasi zote za somo, pamoja na zile alizozifanya vizuri. Wazazi hupiga bajeti ya nusu somo wakaletewa ankara ya somo zima.

Wa Pearson Edexcel, ule mfumo wa kimataifa wa A Level unaotumiwa na baadhi ya shule za kulipia za ukanda wetu, ana unafuu zaidi. Masomo yamegawanywa kwa vipande, kuna msimu wa Januari, Juni na Oktoba, na unarudia kipande kilichokuangusha peke yake. Wa IB, diploma ya kimataifa, naye anaweza kurudia somo moja moja Mei au Novemba na alama ya juu ndiyo ihesabiwe, ilimradi asizidi misimu mitatu kwa diploma yote.

Kwa hiyo vijana wawili wa tahasusi ya fizikia, kemia na hesabu, wote wamepata C ya fizikia, wanaweza kukaa dawati moja la tuisheni Mikocheni na kuwa wanalipia bidhaa mbili tofauti. Mmoja atakuwa na alama mkononi Januari. Mwingine atangoja Julai, huku ofa yake, kama ipo, ikining'inia juu ya makadirio ya mwalimu ambaye hamfundishi tena.

Kabla ya kurudia chochote, tazama njia mbili za bei ndogo. Ya kwanza ni kusahihishiwa upya. NECTA ina utaratibu wa rufaa, na Cambridge ina huduma ya kupitia upya usahihishaji, ambako unaweza kuomba kwa somo moja. Alama inaweza kushuka pia, kwa hiyo ni kwa yule aliyekuwa karibu na mpaka wa daraja. Njia ya pili ni kukipigia simu chuo. Ofa ya Uingereza ikikosekana kwa daraja moja, chuo kina hiari ya kukuchukua hivyohivyo Agosti, na kozi zenye viti vitupu huingia kwenye Clearing, mfumo wa kujaza nafasi unaofunguliwa Julai na ulio wazi kwa wageni pia. Nimeona wazazi wakilipa ada ya kituo cha kurisiti kabla hawajauliza kama ile C imemnyima mtoto nafasi kweli.

Mbadala unaouzwa kwa nguvu zaidi ni mwaka wa foundation, yaani wa maandalizi kabla ya shahada. Mawakala wa vyuo wanaofika hotelini Dar es Salaam na Nairobi na meza zao na kalamu za bure wanaupenda, na si ajabu, kwani wengi wao hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi. Kwa mwenye KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, foundation mara nyingi si suala la kuchagua. Vyuo vingi vya Uingereza humtaka aipitie, au afanye A Level, kwa sababu mfumo wa miaka 12 wanauona mfupi kwa mwaka mmoja. Kwa mwenye kidato cha sita, vyuo vingine humchukua moja kwa moja na vingine humwambia apitie foundation. Hapo uchaguzi upo.

Tufanye hesabu, kwa pauni moja shilingi 3,400. Ada ya foundation nchini Uingereza kwa kawaida haipungui pauni 15,000, na London huvuka 25,000 bila aibu. Uhamiaji wa Uingereza hutaka uonyeshe pesa za kujikimu za miezi tisa. Kwa kiwango kilichoanza Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, yaani 10,539, na 1,529 ndani ya London, yaani 13,761. Pesa hizo zikae benki siku 28 mfululizo. Hata foundation ya bei ya chini nje ya London inakufikisha karibu pauni 25,500, sawa na shilingi milioni 87, kabla ya visa, tozo ya afya na tiketi ya ndege. Mwaka wa kurudia masomo mawili nyumbani, ukiweka tuisheni nzuri, ada za mtihani, UCAS, IELTS na nauli za daladala, ni sehemu ndogo ya fedha hizo.

Hata hivyo foundation inakupa kitu ambacho kurisiti hakukupi: njia iliyoandikwa. Ukipata alama zilizotajwa, unaendelea mwaka wa kwanza wa chuo husika au washirika wake. Inachokunyang'anya ni upana. Oxford na Cambridge kwa kawaida hazitambui foundation za kibiashara, na kozi za udaktari nyingi hazizitaki. Mtoto anayelenga hasa vyuo hivyo viwili, foundation ya pauni 25,000 inaweza kumfungia mlango ambao marudio ya shilingi 50,000 yangeuacha wazi.

Kuchelewa nako kuna bei ambayo haiandikwi popote. Ada za wageni Uingereza hupanda karibu kila mwaka, na vyuo vingi hukutoza kwa kiwango cha mwaka ulioingia. Tuseme kozi ni pauni 30,000 na imepanda kwa asilimia 5: umeongeza 1,500 kwa mwaka, 4,500 kwa miaka mitatu, zaidi ya shilingi milioni 15. Serikali nayo hupandisha. Tozo ya afya kwa wanafunzi ilikuwa pauni 470 kwa mwaka, na Februari 2024 ikawa 776. Kijana aliyepaswa kuingia Septemba 2023 akasubiri hadi Septemba 2024 alilipa angalau pauni 918 zaidi kwa kozi ya miaka mitatu, kwa sababu tu ya kalenda. Visa ya mwanafunzi ikapanda kutoka 490 hadi 524 Aprili 2025. Anayejilipia mwenyewe aweke haya kwenye mizani, maana ndiyo gharama kubwa ya kurudia.

Marekani ni soko jingine, na huko nasema wazi: anayelenga vyuo vinavyochuja vikali vya Marekani asipoteze mwaka kwa kurudia mtihani wa taifa.

Sababu iko kwenye kalenda. Vyuo hivyo hutoa majibu mwishoni mwa Machi. Kidato cha sita hufanyika Mei. Kwa hiyo mwombaji aliye shuleni hukubaliwa au kukataliwa kabla NECTA haijachapa chochote. Wanachosoma ni ripoti za shule za miaka minne, matokeo ya kidato cha nne, barua za walimu, insha, na SAT, mtihani wa kuingilia vyuo. Ripoti ya kidato cha tatu hairudiwi. Hakuna ofa ya masharti ya kuokoa kwa C iliyogeuka A.

Kinachorudiwa kwa faida huko ni SAT. Ada ya hivi karibuni ni dola 68, pamoja na dola 43 kwa anayefanyia nje ya Marekani, jumla 111. Unaweza kuifanya zaidi ya mara moja kwa mwaka, na vyuo vingi huchukua sehemu bora ya kila jaribio na kuziunganisha. Si vyote: Georgetown hutaka kuona majaribio yote, kwa hiyo mwenye nia nako asiende kujaribu bahati. Baada ya miaka ya hiari iliyoletwa na korona, MIT ilirudisha sharti la mtihani 2022, kisha Dartmouth, Harvard, Brown na wengine wakafuata. Yale hukubali pia matokeo ya IB au AP badala yake. Ukilinganisha, dola 111 na miezi miwili ya hesabu za mtandaoni kwa Marekani hununua zaidi ya mwaka mzima wa kituo cha risiti.

Wala pengo la mwaka lenyewe si dosari. Tangu 2004, mpango wa KenSAP wa Kenya umekuwa ukichukua vijana waliokwisha maliza KCSE, ukiwanoa kwa SAT na insha, na wanaingia vyuo vya Marekani mwaka unaofuata. Kwa Mtanzania kuna jambo dogo la kupanga: waliomaliza kidato cha sita huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na kambini hakuna nafasi ya kujisomea SAT. Anayeitaka ya Agosti aifikirie mapema, au apange ya Oktoba au Novemba.

Tahadhari moja kubwa ya Marekani ni ile ya kujishikiza. Familia nyingi husema mtoto asikae bure, aanze mwaka wa kwanza hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huku akiomba nje. Ukishajiandikisha shahada nyumbani, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kama mwanafunzi anayehama, na ufadhili wa mgeni anayehama ni haba sana. Na ufadhili ndio kiini cha habari kwa familia nyingi za kwetu. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hudahili wageni bila kutazama uwezo wa kulipa, kisha huziba pengo lote la fedha. Nafasi hiyo hasa ni ya anayeomba kuanza mwaka wa kwanza. Usiiuze kwa muhula mmoja wa kujishikiza.

Umri nao huhesabiwa. Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki unaowavuta vijana wengi wa Afrika Mashariki, huwataka waombaji wa shahada ya kwanza wawe chini ya miaka 21. Kijana aliyeanza shule akiwa mkubwa kidogo, akarudia kidato cha nne, kisha akataka kurudia cha sita, aifanye hesabu ya kuzaliwa kwake kabla ya hesabu ya ada.

Kuna wanaoshauriana mitaani kuficha cheti cha kwanza na kupeleka cha pili tu. UCAS hutaka sifa zote zitajwe, zilizofaulu na zilizoshindwa, na kwa NECTA herufi P peke yake inatosha kuamsha swali. Ofa inaweza kufutwa hata ukiwa umeshalipa amana na tiketi. Alama mbaya iliyoelezwa kwa sentensi mbili katika barua ya mwalimu haijawahi kuwa ghali kiasi hicho.

Ukishaamua kwamba marudio yanaweza kukufaa, iandikie ofisi ya udahili ya kila kozi kabla ya kumlipa mwenye tuisheni. Usiulize kama wanakubali marudio, maana jibu litakuwa la jumla kama swali. Taja kozi, mwaka wa kuingia, baraza la mtihani, alama zote za mara ya kwanza, na somo unalotaka kurudia. Uliza mambo matatu: je, alama ya pili itahesabiwa sawa na ya kwanza, je, ofa itakuwa ya juu zaidi kwa anayerudia, na je, wanahitaji maelezo ya sababu. Kwa wa NECTA ongeza la nne, kama kidato cha sita kinatosha bila foundation. Fanya hivyo wiki ileile matokeo yanapotoka, kwa sababu tarehe 15 Oktoba haiko mbali na ofisi hizo huchelewa kujibu msimu wa Agosti. Majibu yahifadhi yakiwa na jina la ofisa na tarehe. Kozi zikikataa zote tano, umetumia bando na siku chache, na shilingi ya tuisheni bado iko mfukoni kwa ajili ya SAT.